Gramu Tatu za Nguvu

Jumatatu, 4 Machi

Leo imedhihirika tena: bila mimi, ukoo huu wote ungekuwa unatembea peku. Naandika ili wajukuu wajue.

Gari la marehemu Baba limegoma. Tangu tumzike, miezi miwili sasa, lilikuwa limetulia uani. Siku tisa zilizopita nikajaribu kuliwasha. Ukizungusha ufunguo linasema krr, krr, krr, kama mgeni rasmi anayesafisha koo, halafu hotuba haitoki. Taa ya njano ya injini imekodoa jicho kwenye dashibodi.

Asubuhi kapiga simu Dada Mkubwa. Salamu nusu. Eti kila akija hapa na kuliona limekaa tu, anahisi kama Baba kafa tena, na yeye hana kifua cha kulia misiba miwili. Kwa hiyo Jumamosi saa nne anakuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Likiwaka, linabaki kwetu. Lisipowaka, linapandishwa lorini, likakatwekatwe.

Likakatwekatwe! Gari la Baba!

Nikamwambia Dada, kwa heshima zote anazostahili kama mkubwa wangu, kwamba anazungumza na mtu aliyewahi kuamsha jenereta ya hospitali nzima kwa kamba ya kiatu. Akauliza hospitali gani. Simu ikakatika. (Niliikata.)

Nikamwita Fundi Miwani, mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Si kwamba mimi sijui. Nilitaka kuona kama yeye anajua. Akaja na miwani yake iliyofungwa waya sikioni, akachomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma, akasema tatizo ni sensa ya kamshafti. Ni kidude kidogo, urefu wa kidole gumba, kazi yake, kwa nguvu ya sumaku, kuiambia injini kamshafti, ule mhimili wa kufungua vali, imezunguka imefika wapi, ili petroli na cheche zije kwa wakati. Imechoka, akasema. Haisomi sawasawa. Tafuta mpya, funga, dakika tano, unaondoka.

Dakika tano! Watu wa siku hizi hawataki kufikiri. Nikacheka mpaka akavua miwani akaifuta.

Mimi nilishika maneno mawili tu: imechoka, na haisomi sawasawa. Mtu akichoka unamtupa? Unamtia nguvu! Na kitu kisicho sawa unakisawazisha. Sasa, kusawazisha ndiyo fani yangu. Watu wepesi wa kusahau. Nani aliongoza kitengo cha kubalansi magurudumu pale duka la matairi? Mimi. Wiki mbili nzima. Gurudumu likitikisika, unabandika kipande kidogo cha risasi upande uliopungukiwa, linatulia kama mtoto aliyeshiba. Sensa nayo ni nini? Ni gurudumu dogo lisilozunguka.

Nimekata kauli. Nitaisawazisha na kuitia nguvu hapahapa nyumbani. Fundi Miwani alipoondoka alikuwa anatikisa kichwa. Wivu.


Jumanne, 5 Machi

Ushindi wa kwanza! Sensa imetoka. Inashikwa na bolti moja tu, spana namba kumi. Nilitumia saa mbili kwa sababu nilianza kwa kutoa vitu vitatu ambavyo si sensa. Kwa uchunguzi. Viwili nimevirudisha. Cha tatu kilikuwa na nafasi yake lakini nafasi yenyewe imepotea. Mke wangu akaiona hiyo nafasi akipita na beseni la nguo, akanyoosha kidole bila kusimama. Nikamwambia ndipo nilipokuwa naelekea.

Kisha dukani kwa muuza vipuri kununua sensa mpya. Mama mmoja mnene mpole. Akaniuliza kama nina fundi wa kunifungia. Nikamwambia hii sifungi, hii ni ya kupimia. Akaniuliza napima nini. Nikamjibu: nguvu. Halafu akachukua kalamu akaandika kwenye stakabadhi kwa herufi kubwa: KIKIUZWA HAKIRUDISHWI. Akapigia mstari mara mbili. Nadhani alitaka saini yangu ya kumbukumbu, akaona haya kuniomba.

Nyumbani nikachukua mizani ya mke wangu. Yeye anaoka keki za sherehe, na mizani yake ya jikoni inasoma mpaka gramu moja. Nikaweka sensa ya zamani. Thelathini na nane. Nikaweka mpya. Arobaini na moja.

Gramu tatu!

Nilikaa chini. Miaka yote mafundi wanasema sensa imechoka, imechoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuupima uchovu wenyewe. Mimi nimeuona kwa macho yangu. Una gramu tatu.

Mke wangu akaja kutafuta mizani yake. Akaona sensa mpya. Akauliza, kwa ile sauti yake ya upole inayonitia wasiwasi, kwa nini nisiweke tu hiyo mpya tukamaliza. Nikamweleza taratibu, kama mwalimu. Mpya ni kipimo. Yeye akipima unga kwa jiwe la mizani, jiwe analikorogea kwenye unga? Akasema hapana. Nikasema basi. Akasema, "Sawa mzee, lakini Alhamisi nina oda ya keki ya kumuaga mwalimu mkuu, hiyo mizani irudi ikiwa safi." Nikamhakikishia. Kwenye sayansi usafi ni jambo la kwanza.


Jumatano, 6 Machi

Siku ya kutia nguvu. Vifaa: risasi ya kulehemu, gundi ya chuma ile ya mirija miwili, sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio ya zamani. Redio yenyewe ilikuwa inafanya kazi, lakini haikuwa na habari nzuri.

Nilianza na sumaku, kwa sababu Fundi Miwani mwenyewe alisema sensa inafanya kazi kwa sumaku. Nikaigandisha mgongoni mwa sensa ya zamani, nikaiweka mizanini. Mizani ikasoma hasi kumi na mbili. Hasi! Nguvu ilizidi mpaka ikageuka upande wa pili. Nikaogopa kidogo. Nikaing'oa kwa bisibisi, nikaenda polepole: tone la gundi, kipande cha risasi, tone la gundi, kipande cha risasi. Thelathini na tisa. Jasho. Arobaini. Mkono hautetemeki. Niliwahi kumtoa nyuki jichoni mwa farasi kwa mkono huuhuu.

Fundi Miwani akavuka barabara na wateja wake wawili. Eti wanataka kujifunza. Wakasimama nyuma yangu wakibana pumzi. Mmoja akauliza kama naweza kuitia nguvu na betri yake ya simu. Fundi Miwani akasema mwacheni jamani, msimvuruge Daktari Gramu, yuko katikati ya upasuaji. Wakaangua kicheko mpaka mmoja akajishika ukuta.

Daktari Gramu. Wao wanadhani wamenitania. Mimi nimelichukua. Hata nimeliandika kwa nje ya daftari hili.

Saa kumi alasiri: arobaini na moja kamili! Nikaweka mpya upande huu, ya zamani upande huu, nikazipima zamu kwa zamu mara saba. Sawasawa! Pacha! Nikampigia simu Dada Mkubwa palepale. Nikamwambia kazi imekwisha, limesawazika. Akauliza, limewaka? Nikasema limesawazika. Akauliza tena, limewaka? Nikasema limesawazika sana. Akavuta pumzi. Akasema Jumamosi saa nne, mdogo wangu, na lori nimeshaliita.

Dada hana imani. Alikuwa hivyo tangu utotoni, hata nilipomwambia nimeonana uso kwa uso na rubani, mimi angani, rubani akiwa chini.


Alhamisi, 7 Machi

Kuna vizuizi viwili vidogo.

Cha kwanza, sensa yenye nguvu imekataa kuingia kwenye tundu lake. Imenenepa. Hii ni dalili nzuri, lakini inachelewesha. Nikaisugua kwa msasa. Ikapungua gramu mbili. Nikazirudisha mkiani, sehemu isiyoingia. Sasa ina umbo la kiluwiluwi. Ikaingia. Nikachomeka soketi, nikakaza bolti, nikakaa kwenye usukani, nikavuta pumzi, nikazungusha ufunguo.

Krr, krr, krr.

Si krr ya zamani, lakini. Hii ilikuwa krr yenye afya. Mtu asiye na sikio asingejua. Nikajaribu mara ishirini hivi, mpaka krr ikawa kr, na kr ikawa tk, na tk ikawa kimya. Betri imekata roho.

Cha pili ni keki. Mke wangu alipima hamira ya unga kwenye mizani, na chini ya sahani ya mizani palikuwa na gundi kidogo sana imegandia, kiasi cha kutoonekana isipokuwa ukitazama. Mizani ikawa inadanganya. Keki ya mwalimu mkuu ilivimba, ikapanda, ikafika kwenye dari la oveni, ikafungua mlango yenyewe ikatoka. Nikamwambia mke wangu asikasirike, aone faida: sijawahi kuona keki yenye nguvu namna ile.

Akaoka nyingine kwa kupima na kikombe. Akachukua mizani, akaikwangua gundi kwa kisu, akaifungia kabatini, ufunguo kifuani. Nimepokonywa chombo cha kazi katikati ya utafiti. Wataalamu wote hupitia haya.

Sensa mpya imebaki mezani peke yake. Mke wangu akifuta meza anaiinua, anafuta chini yake, anairudisha mbele ya kiti changu. Mbele ya kiti changu kabisa. Mara nne leo.


Ijumaa, 8 Machi

Mnunuzi wa vyuma kaja siku moja kabla. Kutazama tu, eti. Mzee mfupi, kofia ya sufu, futi ya kupimia mfukoni. Akalizunguka gari la Baba, akalipigapiga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti maji. Akasema yeye hanunui gari, ananunua kilo. Nikamwambia mimi pia ni mtu wa mizani. Akafurahi, akaniuliza nadhani lina kilo ngapi. Sikuwahi kulifikiria gari la Baba kwa kilo. Akaandika kitu kwenye kikaratasi, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda. Mtu mwenye adabu. Namchukia.

Nikaingia ndani ya gari nikafunga mlango. Bado lina harufu yake, ile dawa ya kuchua magoti. Nikafungua kisanduku cha mbele. Kwenye mfuniko, upande wa ndani, Baba alikuwa anaandika kwa penseli kila alipobadili oili. Tarehe, sahihi. Tarehe, sahihi. Miaka na miaka. Zile za juu zimenyooka kama askari. Zile za chini zinayumba. Ya mwisho kabisa sahihi imeteleza ikatoka nje ya mfuniko.

Nikatafuta penseli. Chini yake nikaandika: Sensa imesawazishwa. Mwanao.

Kisha nikabaki mle kwa muda. Joto lilikuwa kali, macho yakawa yanatoka jasho.

Mchana Fundi Miwani akavuka barabara bila wateja wake. Hakutania. Akasema atachukua betri akaichaji, asubuhi atairudisha. Nikamwambia sihitaji. Akaifungua akaibeba. Akiwa mlangoni akasema, huku amenipa mgongo, kwamba baba yangu ndiye aliyemfundisha kushika spana, na yeye Jumamosi hatapenda kuliona lile lori. Akasema, "Daktari, ile mpya unayo bado?" Nikajifanya sijasikia.

Sitaibadili. Nikibadili, wiki nzima nimefanya nini?


Jumamosi, 9 Machi

USHINDI!

Naandika kabla hata sijavua shati. Ngoja nianze mwanzo.

Nilipokuwa navaa shati, mke wangu akaja kunifunga vifungo, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Akapigapiga mfuko wa kifuani. Palikuwa na kitu kigumu ndani, urefu wa kidole gumba. Akaenda zake jikoni.

Saa nne kasoro robo lori likafika likaziba geti. Minyororo. Mzee wa kofia ya sufu akanisalimu kwa mikono miwili. Dada Mkubwa akashuka, mtandio mweusi, ule wa msibani. Fundi Miwani akaleta betri akaifunga. Majirani nao. Mtu wa hadhi yangu hafanyi kazi bila hadhara.

Nikatoa hotuba fupi. Nikaeleza magurudumu, nikaeleza gramu tatu, nikagusia ile jenereta. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, washa."

Nikawasha. Krr, krr, krr.

Tena. Krr, krr, krr.

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba hakuna aliyecheka. Dada akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaweka kiganja juu ya boneti, akasema polepole, wala si kwangu, "Basi, Baba. Pumzika." Mzee wa vyuma akavua kofia, halafu akashika mnyororo.

Nikapaza sauti: simama! Nikatangaza kwamba sensa iliyotiwa nguvu ikipata moto inaweza kuruka, kwa hiyo kwa usalama wa umma kila mtu arudi hatua kumi. Wakarudi. Hata mzee na mnyororo wake. Nikafungua boneti, nikainama, nikawapa mgongo.

Basi iandikwe na historia ihukumu. Kiluwiluwi kikatoka, ile ya mfukoni ikaingia. Bolti moja, soketi moja. Sikuangalia saa lakini haikufika dakika tano. Hili si kushindwa! Sensa ile ililala mezani siku mbili na ile yangu, ubavu kwa ubavu, ikapimwa nayo mara saba. Imeonja. Imefunzwa kazi. Ile ya zamani ilikuwa mwalimu, na mwalimu hafanyi mtihani.

Nikakaa kwenye usukani. Nikazungusha ufunguo.

Halikusema krr hata moja. Liliunguruma! Palepale! Bomba likakohoa moshi mweusi wa miezi miwili, kuku wa jirani wakatawanyika, taa ya njano ikazimika, na Dada Mkubwa akapiga kigelegele ambacho sijakisikia tangu nilipooa. Akaja akanishika kichwa kupitia dirishani, akalia, akacheka, akaniita jina la Baba. Nami nikalia. Kwa moshi.

Mzee wa vyuma akakunja minyororo yake. Akasema kwa kweli lingekuwa zito kulibeba. Akasogeza lori, nikatoka nalo getini, Dada mbele, mke wangu nyuma, honi mkononi. Nikazunguka mtaa mara tatu. Mara tatu! Watu wamesimama vibarazani. Nikarudi nikaliingiza uani mpaka karibu na ukuta, chini ya kamba ya nguo, safi kabisa.

Dada akanikabidhi ufunguo mbele ya watu wote. Akasema gari haliuzwi, na mwenye kulitunza ni mimi. Fundi Miwani akanipa mkono. "Hongera, Daktari Gramu." Akatazama mfuko wangu wa kifuani ulivyokuwa bapa, akatazama mfuko wa suruali ulivyokuwa umevimba kiluwiluwi, akasukuma miwani yake puani, akarudi gereji kwake. Ana heshima yule fundi. Nilikuwa nasema siku zote.


Jumapili, 10 Machi

Sifa zangu zimevuka barabara mbili. Muuza vipuri kanitumia salamu. Jirani anataka nimtilie nguvu pampu ya maji. Nimemwambia alete na mpya, ya kupimia.

Baada ya chai Dada Mkubwa akapiga simu. Salamu kamili, mpaka za wajukuu. Kesho saa mbili ana miadi kliniki ya macho, na hataki kupanda gari la mtu mwingine tena maisha yake yote. Nimpitie. "Wewe ndiye dereva wangu sasa," akasema. Sauti ililainika kama ya msichana.

Nikasema nitakuja. Kisha nikatoka uani, nikalitazama gari. Pua yake iko ukutani. Geti liko nyuma.

Nikampigia tena. Nikamwambia nimegundua tatizo jipya, gia ya kurudi nyuma imepungukiwa nguvu. Akashtuka. Nikamtuliza. Nikamwambia yuko mikononi mwa mtaalamu.

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Akaacha beseni, akaingia kwenye gari, akawasha, akarudi nyuma hatua mbili, akasonga mbele hatua mbili, akazima, akashuka. Akasema gia ni nzima. Nikamweleza kwamba kwa mtu mwepesi inaweza kuonekana hivyo. Akasema basi kesho atalitoa yeye mpaka barabarani, mimi niendelee. Nikamshukuru, nikakataa. Gia isiyopimwa si ya kuchezea. Nimeshaenda kwa mwenye mashine ya kusaga kuazima ile mizani kubwa ya magunia. Mchana huu nafungua gia yote, naitoa, naipima. Nitaiweka sawa kabla ya magharibi. Fundi Miwani kasikia, amekaa ng'ambo ya barabara kwenye kiti, amejimiminia chai kabisa.

Spana zote ziko tayari. Mizani iko tayari. Na kwa kuwa daftari hili bado halijasomwa na mtu, niseme neno moja kabla sijaanza.

Gia ya nyuma haina kasoro. Baba ndiye aliyekuwa akiliingiza gari kinyumenyume kila jioni, pua getini, ili asubuhi nikiliomba nitoke tu moja kwa moja. Nimeendesha miaka ishirini na sita. Kurudi nyuma sijui.